Ndoo ya Icie

Shemeji yangu Arlis Tackett alikuwa anayazamisha maua ya dada yangu, na kila mtu bondeni alilijua hilo isipokuwa yeye mwenyewe.

Dada yangu Icie tulimzika mwezi wa pili, ardhi ikiwa ngumu kwa baridi hata ikabidi tuazime mashine ya kuchimbia. Haikuwa zamu yake. Arlis ndiye aliyekuwa na mapafu yaliyojaa vumbi la makaa, Arlis ndiye aliyetembea na mtungi wa oksijeni wenye vigurudumu na mrija puani, na sote, pamoja na daktari, tulikuwa tumejiandaa kumzika Arlis. Icie alishamnunulia na suti ya kuzikiwa, ya kijivu, ikawa inaning'inia kabatini ikimsubiri. Badala yake Icie akashikwa na kichomi, akaingia hospitali kwa miguu yake huku akilalamika kwamba ameacha maharage jikoni, na hakutoka tena. Arlis akavaa suti ile ile kumzika mkewe. Nilikuwa na hasira siku ile, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani, nikamkasirikia yeye.

Alichobakiza Icie ni bustani. Ipo nyuma ya nyumba, upande wa kaskazini, chini ya miti mirefu ambako jua huingia kwa kuibia tu. Alipanda makangaga pale, na mimea mingine ya kivulini, lakini aliyoyapenda kupita yote ni maua ya kengele, yale yenye majani ya mviringo na mishipa ya zambarau, na vijiti vyembamba vinavyobeba vikengele vyekundu visivyozidi punje ya mchele. Bibi yetu alikuwa anachimba mizizi ya ndugu zao wa porini na kututafunisha tukiwa na vidonda mdomoni. Ni chungu mpaka machozi yanatoka. Icie alitafuna bila kukunja uso, mimi nilitema, na nadhani mapenzi yake na mmea ule yalianzia hapo.

Huku kwetu mmea wa bustani haununuliwi. Unapewa. Jirani anakukatia kipande, unakipokea kwenye gazeti lenye maji, na husemi asante, maana ukishukuru mmea unakufa. Unasema tu, "Haya, ngoja tuone," unakwenda zako. Na tangu siku hiyo mmea unaitwa kwa jina la aliyekupa. Kwa hiyo bustani ya Icie ilikuwa imejaa wanawake wa bonde letu, wazima na marehemu. Kulikuwa na Verna pale karibu na bomba la mvua, Lottie chini ya mti, Delphia mkubwa na Delphia mdogo. Mimi nilikuwa pembeni kabisa, karibu na ukuta, na Icie alikuwa akisema nimestawi kwa sababu ya ukaidi.

Mwezi wa tano nilimpelekea Arlis mkate wa mahindi na sufuria ya maharage, nikamkuta huko nyuma. Mkono mmoja unavuta mtungi wa oksijeni, mkono mwingine umebeba ndoo, nusu ya ndoo kwa kweli, maana nzima haiwezi. Anapiga hatua mbili tatu, anasimama, anahema, anaendelea. Kufika kwenye maua anaimwaga yote juu, vichwani mwa majani, kama mtu anayezima moto.

"Arlis! Unafanya nini?"

"Nanywesha," akasema, akashika ukuta. "Huoni?"

"Mvua imenyesha wiki nzima."

"Haipiti kwenye miti. Icie alisema. Miti inakunywa kwanza."

Hilo kweli Icie alilisema, na ni kweli kiangazi kikikaza. Lakini ile ilikuwa masika ambayo kijito kilifika barabarani. Niliinama nikachomeka kidole kwenye udongo. Kikaingia chote bila kizuizi, kikatoka na tope linalonuka kama chini ya daraja. Nikamgusa Verna. Majani yalikuwa yamelala, malegevu, yana rangi ya chai. Nikavuta kidogo tu, na shingo yote ya mmea ikanibaki mkononi, imeoza.

"Umeona?" Arlis akasema. "Wana kiu. Jana Verna alikuwa amesimama, leo amelala chali. Nitamwongezea."

Ndiyo ubaya wa mimea hii. Mizizi ikioza haiwezi kunywa tena, basi majani yananyauka vile vile kama ya mmea wenye kiu. Asiyejua anaongeza maji, mmea unazidi kulala, naye anazidi kumwaga. Nilimweleza. Nilimweleza polepole kama ninavyowaeleza wajukuu, kwamba maua ya kengele yanataka maji chini, kwenye miguu, asubuhi, na yaachwe mpaka udongo wa juu ukauke ndipo yapewe tena. Nikamwambia hayataki kumwagiwa utosini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Orpha, mimi nilimwona. Nimekaa kwenye kile kibaraza tangu waliponitoa mgodini, na kila jioni aliyoileta Mungu nilimwona mke wangu anachukua ndoo, anazunguka kona ya nyumba, anakuja huku. Kila jioni. Wewe ulikuwa kwako. Usinifundishe."

"Ulimwona anazunguka kona. Ulikuja huku hata siku moja?"

"Nije kufanya nini? Ilikuwa bustani yake."

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu ambalo sikutaka kumpa mtu mwenye mrija puani.

Kilichomzidishia wazimu ni Jumapili ya Kupamba. Mwisho wa mwezi wa tano kila ukoo unapanda kilimani kwenye makaburi yake, unapalilia, unarundika udongo upya, unaweka maua, kisha zinaimbwa nyimbo, anahubiri mmoja na mwingine, halafu watu wanakula kwenye meza ndefu hapo hapo pembeni ya wafu wao. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa Icie. Watu wangetazama. Hawasemi kitu, lakini wanatazama nani kapambiwa na nani katelekezwa, na maneno yake yanasemwa jikoni mwaka mzima. Arlis alishaapa kwamba Icie hatawekewa maua ya plastiki ya dukani. Atawekewa kengele za bustani yake mwenyewe, zikiwa zimechanua. Kwa hiyo jinsi zilivyozidi kulala ndivyo alivyozidi kubeba ndoo, na jinsi alivyozidi kubeba ndoo ndivyo midomo yake ilivyozidi kuwa ya bluu.

Verna Sizemore, yule mwenye jina lake pale karibu na bomba, anakaa juu kidogo, na dirisha la jiko lake linachungulia nyuma ya nyumba ya Arlis. Alinipigia simu, kisha akaona simu haitoshi, akaja.

"Mwenzangu," akasema hata kabla hajakaa, "nasikia nimeoza."

"Umeoza, Verna. Mimi mwenyewe nilikuvuta ukang'oka."

"Na Lottie?"

"Lottie ana jani moja."

"Lottie alikuwa hivyo hivyo hata akiwa hai." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Orpha, jana alikaa chini. Pale pale kwenye tope, na ile ndoo. Nikasema nikimaliza kukausha hii sahani hajainuka nashuka. Nilimaliza sahani zote ndipo akainuka. Yule mtu atafia pale. Mwambie."

"Nimemwambia. Anasema alimwona Icie kila jioni."

"Hata mimi nilimwona Icie kila jioni," akasema Verna. "Alikuwa anageuza ndoo anaikalia. Maji sikuyaona. Sasa alikuwa anafanya nini pale?"

Nikamwambia sijui, naye akanitazama kwa namna ya kunijulisha kwamba haamini, akaondoka bila kunywa hata chai.

Nilijua. Icie aliniambia vuli ile ya mwisho, tukiwa tumekaa pale, yeye kwenye ndoo, mimi kwenye kipande cha gogo. Nilimuuliza kwa nini anajifanya kubeba maji wakati ndoo ni tupu. Akasema akitoka na ndoo Arlis haulizi. Akitoka mikono mitupu atauliza anakwenda wapi, na yeye hawezi kumwambia. "Nikikaa huku," akasema, "simsikii akipumua."

Sasa niambieni ninyi. Hayo ndiyo maneno ambayo yangeiokoa bustani, na huenda na mtu mwenyewe. Ningemwambia Arlis kwamba ile ndoo ilikuwa tupu, naye angeuliza tupu ya nini, na hapo ningekuwa nimefika mahali pasipo na kichochoro cha kutokea. Nimwambie mume anayeomboleza kwamba ile jioni anayoiigiza kila siku, ile anayodhani anaishi nayo pamoja na mkewe, ilikuwa jioni ya mkewe kumkimbia yeye? Niliomba juu ya jambo hilo, na kwa kweli sikupata jibu. Kwa siku kadhaa nilipita njia ya mbali nisiione nyumba yao, nikawa najichukia.

Jumatano kabla ya Jumapili ya Kupamba nilichukua kisu changu kikali na kikapu, nikaenda. Niliamua nitang'oa kilicho hai kabla hakijafa, apende asipende, na nitasema uongo wowote utakaohitajika. Nilimkuta ameshafika kwenye maua. Ndoo ilikuwa imejaa pomoni safari hii. Sijui aliibebaje.

"Iweke chini, Arlis."

"Zimebaki siku chache. Leo nawapa ya kutosha."

"Iweke chini, nimesema! Umeyaua. Unasikia? Kiu haijawahi kuyagusa haya maua, ni wewe na hiyo ndoo yako."

Nilikuwa nimepaza sauti kuliko nilivyokusudia. Alinigeukia, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu.

"Ndoo yake," akasema. "Mimi nafanya alichokuwa anafanya. Kila jioni..." Pumzi ikamwishia, akangoja irudi. "Kila jioni, Orpha. Hilo tu. Ndilo ninalojua juu ya haya maua. Usiniambie na hilo nilikosea."

"Ilikuwa tupu."

"Nini tupu?"

"Ndoo. Alikuwa anaigeuza anakalia. Maji alikuwa akiyapa maua kiangazi tu, asubuhi, wewe ukiwa bado umelala."

Alinitazama, akaitazama ndoo. Juu kwa Sizemore ng'ombe alilia, kisha ukasikika ule mtungi wake ukipuliza kidogo kidogo.

"Alikuwa anakaa afanye nini?"

"Alikuwa anaomba," nikasema.

"Icie?" Akatikisa kichwa. "Icie akiomba hata wale ng'ombe wa kule juu walikuwa wanasikia. Usinidanganye, shemeji. Nimebakiwa na watu wachache wa kunidanganya."

Angenikaripia ningeshikilia uongo wangu, maana mimi ukinikaripia nakuwa jiwe. Lakini alilisema kwa upole, na upole ule ulinishinda.

"Alikuwa anakuja huku asikusikie ukipumua," nikamwambia.

Nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka, na nilijua naye anaisikia, na nikatamani ardhi inimeze pamoja na kisu na kikapu.

"Napumua kwa sauti?" akauliza hatimaye.

"Arlis. Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu."

"Hakuniambia."

"Angekuambia nini? Acha?"

Akayumba kidogo. Nikaimwaga ile ndoo mbali, kuelekea mtaroni, nikaigeuza na kumkalisha juu yake. Alikaa kama wanavyokalishwa watoto shuleni, mikono magotini. Na kwa kuwa nilishafungua mlango sikuona sababu ya kuuacha nusu. Nilipiga magoti kwenye tope mbele yake, nikamwambia yaliyobaki, kama Icie alivyoniambia mimi.

"Alisema kila pumzi yako alikuwa anaisikiliza. Usiku, mchana, akipika, akifua. Ikitoka anaogopa nyingine haitaingia. Ikiingia anashukuru, kisha anaanza kuogopa ya mbele yake. Alisema hana raha hata dakika moja ndani ya ile nyumba, kwa kukusubiri wewe upumue tena. Basi jioni anakuja kukaa huku mpaka giza liingie, apumzike kuogopa. Halafu anarudi ndani kuanza tena. Ndivyo alivyosema. Sikuongeza neno."

Arlis aliangalia chini, kwenye yale majani yaliyolala. Sikuweza kumtazama tena, nikageukia kazi niliyoijia. Nilianza pembeni, karibu na ukuta, pale penye jina langu, nikachimba taratibu kwa vidole. Mizizi ya chini ilikuwa imekwisha, lakini juu kidogo shingo ilikuwa bado ngumu na nyekundu kwa ndani. Ukikata pale penye ugumu na kuchomeka kwenye mchanga mkavu kidogo, kivulini, maua ya kengele yanaotesha mizizi mingine. Nilikata Orpha, nikakata Delphia mdogo. Lottie naye, kwa lile jani lake moja, alikuwa mzima. Wengine niliwaacha walipo. Kwa Jumapili hakukuwa na kitu, si ua wala chipukizi, na nilijua watu watatazama kaburi la dada yangu, na sikuwa na nguvu ya kujali.

"Hivi vitachanua lini?" Arlis akauliza nyuma yangu.

"Mwaka kesho. Vikiachwa."

"Visipewe maji?"

"Kidogo. Chomeka kidole kwanza. Pakiwa na ubaridi na unyevu, acha. Pakiwa pakavu mpaka kwenye kifundo cha kidole, mpe. Miguuni, si kichwani."

Nikasikia vigurudumu vya mtungi vinasogea. Aliinama kutoka pale kwenye ndoo, akanyoosha mkono, akachomeka kidole udongoni, kile kidole chake chenye mistari ya bluu ya makaa ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuitoa. Alikiacha humo muda.

"Nyamaza kidogo," akasema.

"Sijasema kitu."

"Basi acha kuchimba."

Niliacha. Nikageuka, nikaona amefumba macho na amefunga mdomo, mashavu yamejaa, mkono umeubana ule mrija usipitishe. Alikuwa ameshika pumzi. Mwanzoni sikuelewa, nikataka kupiga kelele. Kisha nikasikia anachokisikiliza. Upepo huko juu kwenye miti, na tone moja moja kutoka kwenye bomba la mvua, na kijito mbali. Basi. Palikuwa na utulivu mwingi, na mimi niliyekaa pale mara nyingi na dada yangu sikuwahi kuusikia kwa sababu siku zote nilikuwa naongea.

Hakuweza kuushikilia. Pumzi ilimrudia kwa kishindo, akakohoa, akakohoa mpaka akajikunja, na mimi nikamshika mabega nikisubiri nyingine iingie. Niliisubiri ile pumzi kwa mwili wangu wote. Ilipoingia nilijikuta nasema asante, na mara hiyo hiyo nikaanza kuisubiri ya pili. Ndipo nikamlilia dada yangu kama sikuwahi kumlilia mazikoni, kwa sauti, na tope mikononi, wala sikujificha.

Arlis alinipa leso yake. Alikaa tena vizuri juu ya ndoo, akaurekebisha mrija, akayatazama yale makangaga na mashimo niliyoyaacha katikati yake.

"Pazuri hapa," akasema.

"Pazuri."

Alihema polepole, kwa kujizuia, kama mtu anayejaribu kupita kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Kisha akainamia udongo, akaongea na mkewe kana kwamba mimi sipo.

"Si ungeniambia tu, Icie," akasema. "Ningekuwa nakwenda kukaa kwenye gari."